Nilimwambia Daktari ni Kifua

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, aibu yangu haihitaji maneno mengi kuirudia.

Mwaka 1951, enzi ya Mwingereza, nilikuwa dresa, mfunga vidonda, wa zahanati ndogo bondeni, chini ya milima ya Upare, kando ya mashamba ya mkonge. Daktari Mzungu alitupitia mara moja kwa mwezi. Yeye Kichasu, lugha yetu Wapare, hakijui, na wagonjwa walioshuka kutoka milimani Kiingereza hawakijui. Katikati yao nilisimama mimi, Filemoni, na koti langu jeupe, nikigeuza maneno ya huyu yamfikie yule.

Siku moja alishuka mama mkwe wangu, Eliwaza. Alisema ana uvimbe mgumu kwenye titi la kushoto. Alilitaja titi mara tatu, kwa neno lake wazi la Kichasu, na mara zote tatu mimi nilimwambia daktari ni kifua. Kwetu mtu humkwepa mama mkwe hata njiani. Ningewezaje kulitaja titi lake mbele ya mwanamume? Ndivyo nilivyojidanganya. Daktari alipotaka avue nguo apimwe, nilimjibu kwamba mila zetu hazikubali. Eliwaza mwenyewe sikumwuliza.

Akasikilizwa mapafu mgongoni, juu ya kanga, akapewa chupa ya dawa ya kikohozi. Alirudi mara tatu nyingine, siku ambazo daktari hayupo, na kila mara nikamjazia chupa ile ile bila kumwuliza kitu.

Miezi minane ikapita hivyo. Kisha Jumatatu moja mke wangu Dina, aliyekuwa amepanda kwao kumsalimu mama yake, akateremka mbio, akaingia zahanati bila hodi, akaniambia maneno matatu: mama hana kikohozi.

Hapo ndipo nilipokomea. Leo naendelea, na yaliyobaki ni machafu kuliko yaliyopita.

Dina alikuwa na vumbi hadi magotini. Alinieleza kwamba alipofika Ndolwe, kijiji chao kilicho mwendo wa saa moja juu ya Suji, hakumkuta mama yake nyumbani. Alipoonyeshwa alipo na kumfunua kanga, titi lilikuwa limepasuka. Aliniambia harufu yake aliisikia kabla hajafika mlangoni.

Wakati huo nilikuwa nasafisha kidonda cha mguu cha kibarua wa mkonge. Niliendelea kukisugua ingawa kilikuwa kimekwisha takata, na yule kibarua akaanza kuvuta mguu wake kwa maumivu.

"Baba Aminiel," Dina akasema, akiniita kwa jina la mtoto wetu, "siku ile ya kwanza mama alimwambia nini daktari?"

Hapo nilikuwa na nafasi. Tulikuwa watatu tu chumbani, na kibarua yule alikuwa mtu wa kutoka mbali, Kichasu hakijui. Ningesema kweli ingeishia pale, kati ya mke na mume.

"Alisema kifua," nikamjibu. "Alisema kifua kinambana."

Dina alikaa kwenye benchi la wagonjwa. Akasema taratibu, kama anayezungumza peke yake, kwamba basi mama yake aliuficha ugonjwa. Sikumwambia ndiyo wala hapana. Nikafunga bendeji.

Kesho yake asubuhi tulipanda mlima. Njia nzima Dina alikuwa akinung'unika juu ya mama yake, jinsi alivyo na aibu zisizo na maana, jinsi ambavyo angeweza kusema neno moja tu akapona. Mimi nilitembea nyuma yake nikiitikia. Nasema niliitikia, maana ndivyo ilivyokuwa. Kila aliposema nilisema ehee.

Tulifika Ndolwe saa tano. Baba mkwe wangu, Zebedayo, alikuwa amekaa kizingitini anakula makande. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kutafuna. Nilipomwuliza habari za mgonjwa, alionyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba.

Mama mkwe wangu alikuwa amelazwa kwenye banda la mbuzi.

Msomaji asidhani alilala na mbuzi. Mbuzi walikuwa wamehamishiwa jikoni, penye joto, ili harufu ile isiwadhuru. Zebedayo mwenyewe ndiye aliyenieleza hivyo, na alinieleza kwa sauti ya mtu aliyefanya jambo la busara. Mbuzi ni mali, alisema.

Banda lilikuwa na majani makavu ya migomba chini na kibuyu cha maji pembeni. Eliwaza alikuwa amekaa, ameegemea nguzo. Aliponiona tu alivuta kanga akajifunika mpaka shingoni, akageuza uso pembeni, kama inavyompasa mwanamke mbele ya mkwewe. Alikuwa amebaki mifupa, lakini adabu yake ilikuwa nzima.

Dina alimfunua. Mtu fulani alikuwa amelipaka titi lile kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu, tabaka juu ya tabaka, na tabaka hizo zilikuwa zimepasuka, na kwenye mipasuko inzi walikuwa wakiingia na kutoka. Chini yake palikuwa panavuja maji ya rangi ya chai.

Nilikuwa dresa kwa miaka tisa. Nimesafisha miguu iliyooza mpaka mfupa ukaonekana, nimewatoa watu mabuu, kisha nimekwenda kula chakula changu cha mchana. Siku ile nilitoka nje nikatapika nyuma ya mgomba, nikatapika mpaka hakuna kinachotoka. Zebedayo alinitazama, akasema unaona, hata wewe bwana dresa.

Niliporudi, Dina alikuwa akilia na kumgombeza mama yake kwa pamoja. Alimwambia ametembea njia yote ile mpaka kwa daktari, amekaa mbele ya daktari, kisha ameficha. Alimwambia kwamba mimi nilikuwepo pale, ningemsaidia, angesema kweli leo hii angekuwa mzima.

"Kwa nini ulificha, mama?" alimwuliza. "Ulikuwa unaficha nini?"

Eliwaza akainua macho. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake alinitazama usoni, nami nikamtazama. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayesubiri zamu ya mwenzake kusema.

Sikusema. Naye baada ya muda akashusha macho chini, kwenye majani ya migomba. Binti yake akaendelea kumlaumu, na yule mama akaubeba uongo wangu bila kufungua mdomo, kwa sababu mimi ni mkwe, na mkwe haaibishwi mbele ya mkewe.

Kuta za banda la mbuzi ni fito tupu. Yaliyosemwa ndani yalisikika nje, na nje walikuwepo watu.

Mchana huo akaja Melkizedeki, mzee wa kanisa dogo la pale Ndolwe, na wenzake wawili. Haikuwa mara ya kwanza kuja. Miezi miwili kabla walikuwa wamemzuia Eliwaza asichote maji kwenye ndiva, lile bwawa tunalohifadhia maji ya mfereji, wakidai ataliharibu. Kisha wakamzuia meza ya Bwana. Walikuwa wamekubaliana kwamba titi haliozi bure. Linaoza kwa mwanamke aliyemnyonyesha mtoto asiye wa mumewe. Nani aliyelianzisha neno hilo sikupata kumjua, lakini kila mtu aliyeniambia aliniambia kana kwamba limeandikwa.

Walisimama hatua kumi mbali na banda, vitambaa puani. Melkizedeki alisema kwamba hapo awali yeye binafsi alikuwa na mashaka, alikuwa tayari kuamini ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Sasa amesikia maneno ya binti wa mgonjwa mwenyewe, kwamba mama yake alikwenda kwa daktari akaficha.

"Kama ni ugonjwa tu," akauliza, "angeuficha kwa nini?"

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Melkizedeki akaendelea kusema kwamba jambo ni jepesi, Eliwaza asimame mbele ya watu, amtaje huyo mwanamume, kisha kanisa litamwombea na watu watamsaidia. Asipomtaja hakuna mtu wa Ndolwe atakayemgusa.

Eliwaza alikuwa amezaa watoto sita na kuzika wawili. Alijibu kutoka ndani ya banda kwa sauti ndogo kwamba hana mtu wa kumtaja.

Nami nilikuwa nimesimama hapo hapo. Uongo niliousema bondeni kwa sababu ya kuokoa uso wangu ulikuwa umepanda mlima pamoja na mimi, na sasa wazee watatu walikuwa wameushika mikononi wanautumia kama ushahidi. Nilichofanya ni kukohoa, nikasema labda tuzungumze habari ya kumpeleka Same.

Daktari yule aliyekuwa akitupitia zahanati, kila Jumatano alipokea wagonjwa Same, kwenye jengo la bati nyuma ya stesheni ya treni. Kesho yake ilikuwa Jumatano. Nilimwambia Zebedayo kwamba mkewe akifika kesho huenda akapelekwa hospitali kubwa ya Tanga akakatwa titi lile kabla ugonjwa haujaenea.

Zebedayo alinawa mikono, akaipangusa kwenye suruali.

"Nilimwoa akiwa kamili," akasema. "Sitampeleka kwa Mzungu akakatwe, nirudishiwe nusu."

Nilimweleza kwamba akibaki pale atakufa. Akanijibu kwamba kufa kila mtu atakufa, na kwamba kama ni mimi ninayetaka apelekwe, nitafute watu wa kumbeba, maana kutoka nyumba yake hatashika mtu mti wa machela. Nilizunguka kwa majirani. Huyu alikuwa na mgongo mbovu, yule alikuwa anangoja mgeni, mwingine aliniambia wazi kwamba anaogopa harufu ile itamwingia yeye na watoto wake. Wanaume kumi na mmoja niliwaomba. Nilikuwa nawachukia wote, na kila nilipogeuka kutoka mlangoni mwa mtu nilikumbuka kwamba wao walikuwa wameziba pua tu. Mimi nilimziba yeye mdomo.

Aliyetuokoa ni Ernesta, mjane wa rika la Eliwaza. Kumbe muda wote ule yeye ndiye aliyekuwa akichota maji ya ndiva kwa mtungi wake mwenyewe na kumpelekea mgonjwa, akipita nyuma ya migomba asionekane. Jioni alikuja na wanawake saba, wamejifunga kanga viunoni, wana miti miwili mirefu na mkeka.

Zebedayo alicheka. Alisema tangu lini mwanamke akabeba machela.

"Kuni tunabeba," Ernesta akamjibu. "Maji tunabeba, na ninyi tuliwabeba. Eliwaza aliyebaki hivi ana uzito gani?"

Walimwosha kwanza. Walimtoa kinyesi kile kwa maji ya vuguvugu, kipande kwa kipande, jambo ambalo lilitakiwa nilifanye mimi mwenye mshahara wa kufanya hivyo. Mimi nilikaa nje, kwa sababu ya adabu.

Alfajiri walimweka kwenye machela, wakaanza kushuka. Njia ya kutoka kule ni ya mawe na miteremko mikali, na wale wanawake walikuwa wakipokezana wanne wanne. Kila tulipopita kwenye boma, watu walitoka kutazama, kisha upepo ukigeuka wakarudi ndani. Mtu mmoja alitema mate njiani mbele yetu. Ernesta alipita juu ya mate yale bila kumwangalia.

Mara moja, mwanamke mmoja alipoteleza, nilikimbia kushika mti. Ernesta alinizuia kwa upole.

"Wewe ni mkwe, Bwana Dresa," akaniambia. "Usimkaribie hivyo. Tutafika tu."

Wallahi sijawahi kuheshimiwa kwa namna iliyonichoma kama ile.

Barabarani tulingoja mpaka likaja lori la mkonge liendalo Same. Dereva alisimama, akashusha kioo, akakipandisha tena. Alisema abiria wake wa mbele watalalamika. Dina alikwenda akasimama mbele ya lori, mikono imeshika bampa, akamwambia kwamba basi aondoke, amkanyage. Dereva alipiga honi mara mbili, kisha akakubali kwa sharti kwamba mgonjwa awekwe nyuma kabisa, nyuma ya marobota, afunikwe turubai. Nafasi ilikuwa ya watu watatu, kwa hiyo Ernesta na wenzake wakaagana nasi pale pale, wakaanza kuupanda mlima upya bila hata kukaa.

Ndani ya lori Dina alikaa upande wa juu wa robota ili azuie turubai lisipeperuke. Mimi nilikuwa chini, karibu na kichwa cha mgonjwa, na kelele za injini zilikuwa nyingi kiasi kwamba Dina hakuweza kusikia kitu.

Eliwaza aliniita. Alisema mkwe wangu, na nilipoinama aliniambia bila kunitazama.

"Yule Mzungu. Leo utamwambia?"

Kwa hiyo alijua. Kichasu changu kwake na Kiingereza changu kwa daktari ni vitu viwili ambavyo hakuweza kuvilinganisha, lakini alikuwa ameona dawa ya kikohozi, akaona macho yangu, akajua. Alijua miezi minane. Alirudi mara tatu akitumaini kwamba safari hii atamkuta daktari, nami nitalisema.

"Nitamwambia, mama," nikasema. Na nilipokuwa nalisema nilikuwa nakusudia hivyo kweli.

Same tulifika adhuhuri, upepo unapeperusha vumbi. Nyuma ya stesheni watu walikuwa wamejipanga kwenye ukuta wa bati, wengine wamekaa chini. Tulipomteremsha Eliwaza, foleni ilijisogeza yenyewe. Kivuli chote cha jengo lile tukaachiwa sisi. Karani wa mlangoni alituita ndani kabla ya watu arobaini waliotutangulia, na si kwa huruma. Alisema tu kwamba tukiendelea kukaa pale wengine watakimbia.

Ndani alikuwepo daktari wetu yule yule, mrefu, mwenye shingo nyekundu, na binti wa Kipare mwenye gauni la buluu aliyeshika beseni. Binti huyu alinisalimia shikamoo kaka. Alikuwa akijifunza uuguzi, jina lake Elirehema, na ilikuwa wiki yake ya pili pale. Sikumjali sana. Nilifurahi tu kwamba yupo mwanamke wa kumfunua mgonjwa, nikageuka ukutani.

Nilisikia kanga ikifunuliwa. Nikasikia daktari akivuta pumzi kwa meno. Kisha akawa anapima, na kila alipotaka kujua kama panauma aliniuliza, nami nikauliza, nikajibu. Nilitafsiri vizuri. Ajabu ni kwamba nilikuwa mkalimani mzuri sana nilipotaka.

Alipomaliza alikwenda kunawa. Alisema kwa Kiingereza kwamba ni saratani, lakini chini ya uvimbe panacheza bado, haujashikana na mbavu, na kwapani amekuta tezi moja tu. Huko Tanga yupo daktari wa upasuaji anayeweza kulitoa titi lote. Mwezi huu wilaya yetu imepewa kitanda kimoja, na treni inapita kesho.

Nikamweleza Dina. Alimshika mama yake mkono akaubusu, na Eliwaza akafumba macho. Kwa muda ule mfupi nilidhani Mungu ameamua kunisamehe bila kuniuliza maswali.

Daktari akavuta daftari la wagonjwa wa zahanati yangu, nakala ninayomwandikia kila mwezi, akatafuta jina. Alilipata. Alifungua ukurasa mwingine, akalipata tena. Mara nne jina la Eliwaza limeandikwa kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya misheni, na mbele yake, mara nne, kifua, kikohozi, chupa moja.

Shingo yake ilizidi kuwa nyekundu. Aliniambia kwamba mwanamke huyu amekaa mbele yake miezi minane iliyopita, kwenye kiti, umbali wa mkono, akiwa na uvimbe ambao pengine ungetolewa kwa nusu saa. Akasema wanawake wa milima hii wanamchosha. Wanaficha, wanaoza, kisha wanabebwa kuletwa kwake wafe, na jamaa zao walaumu hospitali. Mwezi uliopita alimpa mmoja kitanda, naye akateremka kwenye treni njiani akatoroka, na kitanda kikakaa wazi wiki tatu. Hatarudia kosa hilo. Yupo mtu wa henia, ugonjwa wa ngiri, anayekililia kitanda hiki, na huyo angalau anataka kupona.

"Muulize kwa nini alinificha," akaniambia. "Nitaamua kwa jibu lake."

Nilitafsiri neno kwa neno, swali lile na habari ya yule aliyeteremka kwenye treni. Sikupunguza kitu.

Eliwaza akafumbua macho. Alimwomba Dina amwinue, akakaa wima juu ya kitanda kile cha kupimia, kanga imefika kifuani. Hakunitazama mimi. Alimtazama daktari.

"Huyu Mzungu si mkwe wangu," akasema kwa Kichasu. "Huyu nitamwambia. Mwambieni sikuficha. Siku ya kwanza nilisema titi. Nilisema mara tatu, nikaweka na mkono hapa. Mwambieni nimeshuka mlima mara nne kwa miguu yangu kumwambia. Kama neno halikumfika, aulize lilipotelea wapi. Na mwambieni nakwenda Tanga. Sitateremka njiani."

Vumbi liligonga bati. Dina alikuwa akiniangalia. Yeye Kiingereza hakijui lakini Kichasu ndicho alichonyonya, na sasa alikuwa amesikia kila neno. Uso wake ulikuwa ukibadilika polepole, kama wa mtu anayeunganisha jambo moja na jingine, mlango wa zahanati, benchi, bendeji, maneno aliyomtupia mama yake ndani ya banda.

"Anasemaje?" daktari akaniuliza.

Nilifikiri juu ya koti langu. Nitakuwa mkweli kwa hilo, kwa kuwa ndilo nililolifikiria. Nilifikiri juu ya nyumba ya serikali yenye sakafu ya saruji, juu ya watu wanaoniita bwana dresa, nikafikiri kwamba dresa aliyeandika uongo mara nne katika daftari la serikali huenda akafungwa. Nikajiambia kwamba kwanza nijiokoe, kisha daktari akipoa nitambembeleza kuhusu kitanda. Mambo hayo yote yalipita kichwani mwangu kwa muda wa mtu kumeza mate.

Nikamwambia daktari kwa Kiingereza kwamba mama huyu anasema aliona aibu.

Daktari aliguna, kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia. Akafunga daftari.

"Umemwambia?" Dina akaniuliza kwa sauti kavu. "Umemwambia alivyosema mama?"

"Nimemwambia," nikasema.

Eliwaza alinisikia, na alifanya jambo ambalo mpaka leo siwezi kulisahau. Alinishukuru. Alisema ahsante, mkwe wangu, akalala tena chini, kama mtu aliyetua mzigo.

Daktari alichukua karatasi ya treni kutoka kwenye jalada lake. Aliandika jina la mtu wa henia, herufi kwa herufi, nami nilikuwa naliona likiandikwa kichwa chini. Kisha akachukua karatasi nyingine, ndogo, ya rangi ya njano, mojawapo ya zile za kuwarudisha watu nyumbani, akauliza jina la Eliwaza linavyoandikwa.

Hapo ndipo niliposikia beseni likiwekwa sakafuni.

Elirehema alikuwa amesogea mpaka kati yangu na meza. Mikono yake ilikuwa imelowa, akaishikanisha mbele ya gauni lake la buluu. Aliongea nami kwa Kichasu, kwa adabu, kama binti anavyozungumza na kaka yake mkubwa, na kila neno Dina alilisikia.

"Kaka, Kiingereza nimesoma. Nimesikia alichosema mama, na nimesikia ulichosema wewe. Mwambie daktari wewe mwenyewe. La sivyo nitamwambia mimi."

Kalamu ya daktari ikasimama juu ya karatasi ya njano. Alimtazama binti yule, akamtazama Dina ambaye tayari alikuwa ameinuka, kisha akanigeukia mimi, mkalimani wake, akaniuliza huyu msichana anasema nini.